Kero ya Maji Kijijini: Namna ya Kutengeneza Makala ya Redio Inayopata Jibu

Swali: Ninajitolea katika redio ya jamii iliyoko kwenye wilaya moja ya kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Hivi karibuni nilitengeneza makala ya dakika kumi na tano kuhusu kijiji ambacho vilula vyake havitoi maji, ilhali wananchi walikuwa wakilipia kila ndoo. Nilihoji watu tisa. Mhariri alisema makala inasikika kama muhtasari wa kikao, wasikilizaji waliopiga simu waliomba muziki, na ofisi husika haikujibu chochote. Nifanye nini ili makala ijayo isikilizwe hadi mwisho na ipate jibu, bila mimi na kituo kuambiwa kwamba tunachochea wananchi?

Jibu: Ndugu msomaji, katika nakala ya makala uliyoituma nimeona kwamba sentensi ya kwanza inasema wananchi “wameiomba serikali kuwatatulia kero ya maji inayowakabili kwa muda mrefu”. Naomba nianzie hapo, kwa sababu nadhani malalamiko yote matatu, la mhariri, la wasikilizaji na lako kuhusu ofisi, yanatokana na sentensi hiyo. Haina uongo wala kosa la sarufi, lakini ukibadilisha jina la kijiji tu, inaweza kusomwa kwa Magu, Misungwi, Kwimba au Ukerewe, mwaka huu au mwaka wowote ule. Msikilizaji ameshaisikia mara nyingi kiasi kwamba anajua itakavyoishia, na neno “serikali” lililomo ndani yake halimtaji mtu yeyote mwenye ofisi, saini na simu ya mezani. Mhandisi wa maji akiisikia akiwa ndani ya gari lake haoni mahali anapotakiwa kujibu, kwa kuwa hakuulizwa swali. Ameombwa tu, yeye pamoja na serikali nzima.

Kero ya jamii, kwa mtazamo wangu, mara nyingi huwa ni uamuzi uliokwama mahali fulani, kwa mtu fulani, kwa sababu inayoweza kutajwa. Kazi ya mtayarishaji ni kuifuata kero hiyo kuanzia kwenye ndoo hadi ilipokwama, kisha kumuuliza aliyeko hapo swali moja analoweza kulijibu kwa mamlaka aliyonayo. Mengine yote nitakayoeleza hapa, ya kurekodi, ya kuandika na ya kurusha hewani, yanategemea hilo.

Tuchukue vilula vyako. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku wa mradi hukabidhiwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kwenye vikao utasikia kikiitwa CBWSO. Chombo hicho ndicho hukusanya fedha za ndoo, hulipa wahudumu wa vilula, hununua umeme au dizeli ya kuendeshea pampu na hufanya matengenezo yaliyo ndani ya uwezo wake. (Ukivuka kuja mjini, Nyamagana na Ilemela, mlango wa kugonga ni mwingine kabisa: ni MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji la Mwanza, na bei zake husimamiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.) Kwa hiyo kauli ya “hakuna maji” inaweza kuwa na maana nyingi zisizofanana. Huenda mota ya pampu imeungua, huenda umeme wa kulipia kabla (LUKU) umeisha na hakuna aliyenunua, huenda fedha ziko benki lakini wenye kutia saini hawajakutana tangu mmoja wao ahame, na huenda fedha zenyewe hazikufika benki. Kila mojawapo ina mhusika wake. Kabla hujajua ni ipi, bado una lalamiko mkononi, na lalamiko halijazi dakika kumi na tano hata ukilisimulia kwa midomo tisa.

Kulijua hilo hakuhitaji upelelezi mkubwa. Kaa na mhudumu wa kilula, umwombe akuoneshe daftari la mwezi wa mwisho ambao maji yalitoka: alikusanya kiasi gani, alimkabidhi nani, kuna stakabadhi au hakuna. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme kaya 300 zilinunua ndoo tano kila siku kwa shilingi 50. Hizo ni shilingi 75,000 kwa siku, sawa na shilingi 2,250,000 kwa mwezi wa siku 30. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini ukiifanya kwa tarakimu za kijijini kwako utakuwa na jambo la kumuuliza mwenyekiti wa chombo: umeme ulichukua ngapi, mishahara ngapi, na kilichobaki kilitengewa nini? Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, kwa hiyo muhtasari unapaswa kuwepo, na kama haupo, kutokuwepo kwake nako ni habari. Ukinyimwa, andika barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kukujibu. Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa itakusaidia kuliko mahojiano mengine matano ya malalamiko, na mara nyingi barua ikishafika tu, mtu aliyekuwa “safarini” hurejea ofisini.

Kanda yetu ina mfano mchungu wa uzito wa swali lenye tarakimu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, na siku hiyo ilikuwa ya gulio. Baada ya ajali dunia nzima ilitangaza habari hiyo. Swali la kwamba chombo kinaruhusiwa kubeba wangapi, siku ya gulio kinabeba wangapi, na nani anayewahesabu getini, ni swali ambalo redio ya jirani inaweza kuliuliza siku yoyote ya kawaida, kwenye gati lolote la ziwa hili, bila kusubiri msiba. Sisemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu naona watayarishaji vijana wakidhani makala nzito ni ile yenye vilio vingi.

Sasa, watu tisa. Ni wengi mno. Msikilizaji wa redio hana picha wala majina yaliyoandikwa mbele yake, na sauti ya tano ikija ameshasahau ya pili ilikuwa ya nani. Kwa dakika saba au nane, ambazo ndizo ningekushauri uziombe badala ya kumi na tano, watu wanne wanatosha: mmoja anayeishi na kero, mmoja anayejua ilivyotokea, mmoja mwenye mamlaka ya kuamua, na ikibidi mtaalamu wa nje. Hao tisa uliowahoji hawakupotea bure, maana maelezo yao ndiyo yaliyokupa uhakika, lakini uhakika wako hauhitaji kusikika wote hewani. Mwanamke mmoja anayeeleza kwamba saa kumi na moja alfajiri humwacha mtoto kitandani na kwenda kuchota ziwani, kwenye maji ambayo zahanati imemwambia yana konokono wanaoeneza kichocho, amekwisha kusema walichotaka kusema wenzake watano.

Uwahoji lini ni jambo linalosahaulika, na huku kwetu lina uzito wa pekee. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, hivyo ukifika mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki, saa nne asubuhi utawakuta wamelala au wamechoka, na utaondoka na sauti za watu waliokuwa karibu tu, hasa viongozi. Subiri siku za mbalamwezi, ambapo taa haivuti dagaa na wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu; hapo utapata mtu mwenye nafasi ya kukaa nawe na kukumbuka. Wanaoanika na kuuza dagaa wana ratiba nyingine inayofuata jua na kuwasili kwa mitumbwi. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba wakati mzigo unashushwa, usitarajie mtu akupe hata dakika mbili za maana. Wachota maji wafuate wakati wanachota. Makala yako ilirekodiwa, kama ninavyosikia katika sauti ulizotuma, ndani ya ofisi ya kijiji: mwangwi wa kuta za saruji, viti vya plastiki vikiburuzwa na mtu akikohoa kwa mbali. Mhariri aliposema muhtasari wa kikao, nadhani alikuwa anakisikia kikao chenyewe.

Rekodi pale jambo linapotendeka. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri, kwa kuwa kadiri jua linavyopanda upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na kipaza sauti kisichovikwa sponji huugeuza kuwa ngurumo isiyoondoka hata kwa programu ya kuhariri. Kama huna sponji, mgeuze mhojiwa ili mgongo wake na wako vizibe upepo, au sogeeni nyuma ya ukuta. Shika kipaza sauti umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo na pembeni ya kidevu, usimpe mhojiwa akishike mwenyewe, na itikia kwa kichwa badala ya “mmh” ambayo baadaye utashindwa kuikata. Ukitumia simu, zima mtandao kwanza. Mwanzoni mwa kila rekodi mwombe mhojiwa ataje jina lake na nafasi yake kwa kinywa chake. Itakuokoa siku ukisahau lilivyotamkwa. Halafu, kabla ya kuondoka, nyamaza na urekodi mazingira matupu kwa dakika moja hadi mbili: koki inayokoroma hewa, ndoo zikigongana, kasia, kuku, chochote kilichopo. Sauti hizo ndizo zitakazomhamisha msikilizaji kutoka studio hadi kijijini, na ndizo zitakazofunika sehemu ulizokata. Muziki wa huzuni chini ya sauti ya mama anayelalamika siupendi hata kidogo, maana humwambia msikilizaji ahisi nini kabla hajaambiwa kilichotokea.

Uliza maswali yanayozaa simulizi. “Unajisikiaje kukosa maji?” huzaa “najisikia vibaya, tunaiomba serikali”. Jaribu “jana ulipata wapi maji, tuanzie ulipoamka”, au “nipeleke unapochota”, na umwache atembee huku akisema. Wazee wengi wa vijiji hivi hueleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, Kizinza, Kikerewe au Kijita kuliko kwa Kiswahili cha kuungaunga, na mwandishi akiwalazimisha kutumia Kiswahili hupata sentensi fupi za woga. Waache waseme kwa lugha yao. Hewani, sauti ya mzee isikike peke yake kwa sekunde tatu au nne, ishushwe, kisha msomaji wa jinsia na umri unaokaribiana na wake asome Kiswahili chake. Tafsiri hiyo ihakikiwe na mtu wa pili anayeijua lugha, na isipambwe: mzee akisema amechoka, usimfanye aseme amekata tamaa.

Katika kuandika, kumbuka kwamba anayesikiliza anakaanga samaki, anaendesha bodaboda au anasubiri zamu zahanati, na wengine wamefungulia redio katikati. Sentensi moja ibebe jambo moja. Cheo kitangulie jina. Tarakimu zipunguzwe na ziandikwe kwa maneno, kwa mfano “zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwezi”, na jina la kijiji na swali la makala virudiwe kila baada ya sauti mbili. Ningeanza makala yako hivi, kwa kutumia zile tarakimu za mfano:

(Koki inafunguliwa. Inakoroma. Kimya.)
MTAYARISHAJI: Hiki ni kilula cha katikati ya kijiji. Ndoo moja hapa iliuzwa shilingi hamsini.
MHUDUMU WA KILULA: Mwezi wa mwisho nilipeleka fedha kila Jumamosi. Hizi hapa stakabadhi.
MTAYARISHAJI: Kwa hesabu ya vilula vyote, zaidi ya shilingi milioni mbili zilikusanywa mwezi huo. Wiki iliyofuata pampu ilizima kwa kukosa umeme. Leo tunauliza: fedha za kuiwasha zimekwama wapi?

Angalia kwamba hakuna aliyeomba wala kulalamika, na bado msikilizaji anataka kujua kinachofuata. Angalia pia swali la mwisho. Kama ningeandika “nani amekula fedha?”, ningekuwa nimeshahukumu, na hapo neno uchochezi lingepata pa kushikia. “Zimekwama wapi” ni swali ambalo mwenyekiti wa chombo anaweza kulijibu kwa heshima, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha zilitumika kubadilisha mota na hakuna aliyewatangazia wananchi. Hilo hutokea, na likitokea makala yako inakuwa imewasaidia pande zote mbili.

Haki ya kujibu haitimizwi kwa kupiga simu dakika kumi kabla ya kipindi. Mpelekee mhusika maswali kwa maandishi siku kadhaa kabla, uyataje mambo mahususi yatakayosemwa juu yake, na umpe muda. Utaambiwa mara nyingi “mimi si msemaji”. Usigombane, muulize msemaji ni nani, nenda kwa mkurugenzi au afisa habari wa halmashauri ukiwa na barua ileile, na andika tarehe ya kila hatua. Jibu lisipopatikana, sema hewani kwa sauti ya kawaida kwamba maswali yalipelekwa tarehe fulani, ofisi fulani, na hadi makala inarushwa hayajajibiwa. Usiongeze kejeli, wala usiache mtangazaji anayekufuata aiongeze kwa kucheka. Tunza rekodi zote ambazo hazijahaririwa, maana malalamiko yakifika kwenye Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kinachokulinda ni sauti kamili, barua na daftari lako. Kwa uzoefu wangu, viongozi wengi hukasirishwa zaidi na kushtukizwa kuliko na swali lenyewe.

Hapo hapo kuna suala la bahasha. Mwandishi aliyelipiwa nauli na posho na chombo anachokichunguza, au na mfadhili mwenye mradi kijijini humo, hawezi kuuliza swali lile la fedha akaaminiwa. Najua kujitolea hakulipi na pikipiki inakunywa mafuta, hivyo siwezi kukuambia kwa wepesi kwamba kataa kila kitu. Nakuambia mweleze mhariri kila ulichopewa, na kama kipindi kimefadhiliwa, wasikilizaji waambiwe ni nani amekifadhili.

Jambo moja zaidi la tahadhari, nalo redio hulikosea kwa nia njema. Kijijini sauti ni sura. Kwenye kambi ya wavuvi au kisiwani, kuficha jina la mama aliyepigwa, au la mhudumu aliyekuambia kuhusu stakabadhi zisizo sahihi, hakumfichi hata kidogo. Watu watamtambua kwa kikohozi. Kubadilisha sauti kwa mashine nako hakutoshi, kwa kuwa namna ya kusema hubaki ileile. Kwa watu wa namna hiyo andika maneno yao, uwasomee wakubali, na mwenzako studio ayasome. Kwa aliye chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtoto, zungumza na mzazi au mlezi kwanza, na kama jambo linamhusu yeye mwenyewe kwa madhara, usimrekodi.

Kuhusu wale walioomba muziki, nadhani simu zilifunguliwa bila kuwapa cha kujibu. Mtangazaji alipouliza “una maoni gani?”, waliokuwa na maoni walisema ya kawaida na wengine wakaomba wimbo. Baada ya makala ijayo, uliza jambo ambalo wasikilizaji pekee ndio wanaolijua: kwenye kijiji chako, mapato na matumizi ya maji yalisomwa lini kwa mara ya mwisho, na nani aliyasoma? Majibu yatakupa makala tatu nyingine bila kutoka ofisini, ingawa kila moja italazimika kuhakikiwa kabla ya kurushwa.

Mhandisi au mwenyekiti akitoa ahadi hewani, usimwachie kwenye “hivi karibuni”. Mwombe tarehe palepale, huku anarekodiwa, kisha iandike kwenye kalenda ya chumba cha habari, si kwenye simu yako peke yako, ili hata ukihama kituo mtu mwingine arudi kwenye kilula kile siku hiyo akiwa na kinasa sauti. Marejeo hayo yawe mafupi, dakika mbili au tatu, yakianza na koki ikifunguliwa, na yarushwe saa ileile ya makala ya kwanza. Omba pia yarudiwe alasiri, kabla wavuvi wa dagaa hawajaingia majini, kwa sababu wakati wa kipindi cha saa tatu asubuhi wengi wao huwa wamelala.